Katalogi ya Pili ya Bi Stoo

Kabla hajawa mtu wa kompyuta, Bi Stoo alikuwa mtu wa stoo kweli, na jina hilo lilimganda hata baada ya kuhamishwa. Kwa miaka kumi na minne alitunza stoo ya dawa na vifaa ya hospitali yetu, chumba kirefu chenye dirisha moja la wavu, nyuma ya wodi ya wazazi. Mimi ni mtu wa maabara, na tangu siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa nikienda kwake kuchukua glavu na chupa za sampuli. Ukimwomba boksi la glavu, hakuulizi unataka ngapi tu. Anakuuliza saizi, anakuuliza la mwisho liliisha lini, halafu anakwenda moja kwa moja kwenye rafu bila kutazama kulia wala kushoto. Kila rafu ilikuwa na kadi yake, na kadi zote ziliandikwa kwa mwandiko mmoja, mdogo, ulionyooka.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa stoo, ililetwa pamoja na kitabu cha maelekezo kinene kama tofali. Idara nyingine walikitumia kitabu hicho kuinulia skrini. Bi Stoo alikisoma mpaka jalada la nyuma. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, ana mume fundi cherehani, mama mzazi anayeishi naye ambaye macho yamepungua nguvu, na binti mmoja aliyekwisha kuanza kufundisha hesabu shuleni. Akajiandikisha kozi ya kompyuta ya Jumamosi asubuhi. Alikaa darasa moja na watu wa rika la bintiye kwa miaka miwili, hakukosa hata Jumamosi moja. Nafasi ilipotangazwa kwenye kitengo cha kompyuta cha hospitali, akaomba.

Watu walicheka. "Stoo imeota mbawa," alisema dereva wa ambulensi, na utani huo ulizunguka hospitali nzima kabla ya chakula cha mchana. Hata mimi nilicheka, sitasema uongo. Lakini kwenye usaili aliwapita wote, akapewa meza kwenye kitengo, karibu na mlango wa kioo wa chumba cha seva.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kina baridi ya kung'ata, na ndani yake seva sita, kompyuta zinazobeba mfumo wote wa hospitali, zilizopangwa kwenye kabati la chuma, zinavuma kutwa. Mumewe alimshonea koti la pamba nene la kuingilia humo. "Mke wangu ana waume wengine sita," aliwaambia wateja wake, huku uzi uko mdomoni. "Wanakaa chumba kimoja, hawagombani, na akienda kwao anavaa koti nililomshonea mimi. Mwanamume gani mwingine angevumilia?"

Sasa nieleze shida yangu, maana ndiyo iliyotukutanisha upya.

Maabara yetu ilikuwa inaandika kila kitu kwenye madaftari. Sampuli inaingia, inaandikwa namba; inapimwa, majibu yanaandikwa kwenye daftari jingine; kisha karatasi inapelekwa kwa daktari. Siku ya watu arobaini ilikwenda vizuri. Siku ya watu mia na hamsini tulikuwa maji ya shingo. Namba moja ya mwenzangu ilifanana na saba yangu, na kwa sababu hiyo tu mzee mmoja, fundi saa mstaafu mwenye adabu nyingi, alirudishwa kutolewa damu mara tatu ndani ya wiki mbili. Mara ya tatu alikunja mkono wa shati mwenyewe, akanitazama, akasema kwa upole:

"Binti yangu, hii damu yangu mnaipeleka wapi?"

Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Nilipomaliza naye nilivua koti la maabara, nikateremka ngazi mpaka kitengo cha kompyuta.

Mkuu wa kitengo alikuwa mwanamume mrefu, mwenye miwani, mtu wa maneno machache na rekodi safi; katika miaka yake yote pale mfumo wa hospitali haukuwahi kuingiliwa na mtu wa nje, na alilijivunia hilo kimyakimya. Nilimwomba programu ya maabara. Akafungua skrini, akanionyesha orodha.

"Hizi ndizo tulizo nazo kwenye katalogi," alisema. "Kumi na moja. Mapokezi, famasi, wodi, na kadhalika. Ya maabara haimo."

"Haiwezi kuongezwa?"

"Kampuni iliyotufungia mfumo wanasema iko kwenye mipango yao ya mwaka kesho. Tusubiri."

Nikatoka nimekufa moyo. Mlangoni Bi Stoo akanishika mkono. "Mdogo wangu, kaa kidogo. Umeelewa alichokuonyesha?"

"Nimeelewa kwamba haipo."

Akacheka, akanivutia kiti. Nitaeleza kama alivyonieleza, maana mpaka leo sijasikia maelezo mepesi kuliko yale. Siku hizi, alisema, kila programu inafungwa kwenye kontena lake pamoja na vitu vyote inavyohitaji ili ifanye kazi, kwa hiyo ukiihamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine haibabaiki. Kisha kuna jukwaa linaloyasimamia makontena yote: hili likae seva ya pili, lile seva ya tano, likifa hili liwashwe jingine mara moja. Na programu zenyewe zinachaguliwa kutoka kwenye katalogi. Humo kila programu ina maelekezo yake yaliyokwisha kuandikwa. Wewe unajibu maswali machache, unabonyeza, jukwaa linafanya kazi iliyobaki.

"Sasa tazama," akasema, akafungua ukurasa wa mipangilio, chini kabisa, mahali ambapo mtu hafiki asipokuwa na shughuli napo. Palikuwa na kitufe kimoja cha kijivu: *Ongeza katalogi.*

"Hiki hakijawahi kubonyezwa tangu mfumo ufungwe," alisema. "Hii orodha ya kumi na moja ni ya kampuni. Lakini jukwaa lenyewe halikatazi orodha nyingine. Ziko katalogi za jumuiya, zinatengenezwa na watu wa kujitolea, wengine wanafanya kazi hospitalini kama sisi. Mtu akishapata njia ya kufunga programu fulani, anaandika maelekezo, anayaweka pale, wenzake wanayatumia. Nimeisoma moja wiki iliyopita. Ya maabara imo."

"Na ulikuwa unangoja nini kusema?"

"Nilikuwa nangoja mtu aihitaji," akajibu. "Stoo hatutoi kitu bila ombi."

Kumshawishi Mkuu haikuwa kazi ya siku moja. Bi Stoo alimweleza mbele yangu, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Unataka nichukue programu za watu nisiowajua, niziweke kwenye mashine zenye siri za wagonjwa?"

"Hapana, mkuu."

"Basi unataka nini?"

"Ile korido ya nyuma kuna seva mbili za zamani zimewekwa zitupwe. Nipe hizo. Nitazifunga kando, zisigusane na mfumo wa wagonjwa hata kwa waya mmoja. Nitaongeza katalogi huko, nitaijaribu programu kwa majina ya kubuni. Nitakuandikia kila kontena limetoka wapi, nani kalitengeneza, toleo gani. Ukiona kitu kimoja hukukipenda, tunazima, na mimi sitakusumbua tena."

Mkuu alizungusha miwani mkononi. Nadhani alitarajia mabishano, na badala yake alipewa masharti magumu kuliko ambayo angeyaweka yeye.

"Wiki tatu," alisema.

Seva zile mbili zilikuwa na vumbi la kuota mbegu. Bi Stoo alizifungua, akazisafisha kwa brashi ya rangi, akaziunganisha kwenye meza iliyokuwa karibu na dirisha. Siku ya pili akaingiza jukwaa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, aliniita nishuhudie. Aliandika jina la katalogi, akaandika anwani yake, akabonyeza kile kitufe.

Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kisha mstari mwekundu: *Imeshindikana.*

"Haya," alisema, "imetusalimia."

Ilikuwa hivyo siku nne. Kwanza ikagundulika kwamba mtandao wa hospitali unaruhusu anwani chache tu za nje, na hiyo haikuwemo. Akaandika barua, Mkuu akaisaini, anwani ikafunguliwa. Akabonyeza tena. Nyekundu. Akakagua anwani herufi kwa herufi. Nyekundu. Dereva wa ambulensi alikuwa akipita dirishani anauliza, "Bi Stoo, mzigo umefika?" naye anajibu, "Uko njiani, wewe andaa mahali pa kuteremshia."

Nyumbani nako hakukuwa na utulivu. Mama yake alikuwa amesikia habari nusunusu, akadhani kuna kitu kimepotea, na kila jioni akisikia mlango anauliza kutoka chumbani, "Mmelipata?"

"Bado, mama."

"Mmetafuta chini ya kitanda?"

Siku ya tano alifanya kitu ambacho alikiri baadaye kilimtia woga kuliko usaili wa kazi. Aliwaandikia watu wa jumuiya wenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha darasani na kilipungua hapa na pale, kwa hiyo aliandika sentensi fupi: sisi ni hospitali, jukwaa letu ni toleo hili, nimefanya hivi na hivi, kosa ni hili. Aliisoma mara sita kabla ya kuituma. Alisubiri kuchekwa. Jibu lilikuja kabla hajamaliza chai, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa nchi ya mbali sana, ambaye hakumwuliza ana shahada gani. Alisema: maelekezo yetu yanakaa kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi, na tulilibadilisha jina tawi hilo mwaka jana. Jukwaa lako ni la zamani kidogo, linajaza jina la zamani lenyewe bila kukuambia. Andika jina jipya kwa mkono wako.

Neno moja tu. Bi Stoo alifuta lile la zamani, akaandika jipya, akabonyeza. Kiduara kikazunguka mara moja, mara mbili, kisha skrini ikajaa. Safu kwa safu, alama za rangi zote, zikishuka kama vile hazina mwisho. Programu mia moja na arobaini na tatu. Za maabara, za picha za eksirei, za kupanga zamu, za maktaba, za barua.

Sauti aliyoitoa ilisikika mpaka wodi ya watoto. Mlinzi wa lango alikuja mbio, rungu mkononi, akidhani kuna nyoka. Alipoelezwa alitazama skrini, akakuna kichwa, akasema, "Sasa hivi vyote ni vyako?"

"Ni vyetu sote, kaka," alisema Bi Stoo. "Hata wewe chagua."

Furaha ile ilidumu mpaka alipochagua ya maabara. Aliyajibu maswali yake, akabonyeza, kontena likaanza kuwaka. Likafa. Jukwaa, kama lilivyofundishwa, likawasha jingine. Nalo likafa. Likawashwa, likafa, mara thelathini na mbili, na ukurasa wote ukawa mwekundu. Tulikuwa tumebakiwa na siku tisa.

Hapo ndipo nilipomwona Bi Stoo kwa macho mengine. Mimi ningepiga meza. Yeye alivua saa yake ya mkononi, akaiweka kando ya kibodi, akakaa na kalamu. Kila kontena lilipowaka aliandika saa, kila lilipokufa aliandika saa. Asubuhi nzima. Nilipoteremka mchana alinisogezea karatasi iliyojaa mwandiko ule mdogo.

"Unaona nini, mdogo wangu? Wewe ni mtu wa vipimo."

Nikatazama. "Yote yamekufa kwa muda uleule. Sekunde sitini."

"Sitini kamili. Ugonjwa hauui watu kwa saa, siyo? Watu wakifa dakika ileile kila siku, kuna anayewaua."

Aliyekuwa analiua alikuwa jukwaa lenyewe. Kwenye maelekezo palikuwa na kipengele kinacholiambia jukwaa: likishawaka kontena, liulize kama liko hai, na lisipojibu ndani ya sekunde sitini, lizime uwashe jingine. Kwenye mashine mpya programu ile ilisimama tayari kwa kazi ndani ya sekunde ishirini. Kwenye seva zetu za kutupwa ilihitaji dakika moja na nusu. Kwa hiyo kila ilipokuwa inakaribia kusimama, inakatwa. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilinyimwa nafasi ya kuamka.

Alibadilisha namba moja, sitini ikawa mia na themanini. Tukaikodolea saa macho. Sitini ikapita. Tisini ikapita. Kwenye sekunde ya tisini na nne ule wekundu ukageuka kijani.

Nilimkumbatia mpaka kalamu yake ikanichora mstari shingoni.

Mtu mwingine angeishia hapo. Bi Stoo alikunywa maji, akakaa tena. "Sasa fikiria hospitali nyingine yenye mashine kama zetu," alisema. "Nao watakaa wiki nzima wanatazama kitu kinakufa. Na labda hawana saa." Akawaandikia tena watu wa jumuiya, safari hii akiambatanisha ile karatasi ya saa na mstari mmoja wa marekebisho. Mmoja wao alimbana kwa maswali, kwa nini mia na themanini, kwa nini si mia na ishirini, naye akajibu kila swali kwa namba alizoandika mwenyewe. Baada ya siku tatu marekebisho yake yaliingizwa. Yule mwanamke wa mbali akaandika: tumepata malalamiko ya namna hii kwa mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kutupimia.

Bi Stoo alilichapisha jibu lile, akaenda nalo nyumbani, akamsomea mama yake akilitafsiri. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilijua mtalipata," alisema. "Kilichobaki ni hao wengine nao wajue wanatafuta nini."

Wiki tatu zilipotimia, Mkuu aliletewa faili. Kila kontena na mahali lilipotoka, kila toleo limeandikwa, kila mlango wa mtandao unaotumika umetajwa. Tena Bi Stoo alikuwa amenakili kila kitu kwenye hazina ya ndani ya hospitali, ili hata mtandao wa nje ukikatika tusikwame, na toleo jipya lisiweze kuingia lenyewe bila Mkuu kuliangalia na kuliruhusu. Mkuu alisoma faili lile siku mbili. Nilikuwa nasubiri atafute kasoro, na alitafuta kweli. Alipata moja, nenosiri lililokuwa limeachwa kama lilivyokuja, na Bi Stoo akalibadilisha palepale huku amejifinya sikio. Kisha Mkuu akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa maneno machache.

"Mimi kazi yangu imekuwa kufunga milango. Wewe umenionyesha namna ya kufungua mmoja na bado nikalala usingizi. Ihamishie kwenye seva kubwa."

Tulianza Jumatatu. Kila chupa ya sampuli ilibandikwa lebo yenye mistari, mashine ndogo inaisoma kwa mlio mmoja, jina la mgonjwa linatokea. Madaftari niliyaweka kabatini kwa tahadhari. Daktari Mkuu wa hospitali alikuja kutazama akiwa na wageni wawili kutoka wizarani, na wa tatu kwenye foleni ya majibu, ametolewa damu asubuhi ileile, amevaa koti lake la heshima, alikuwa mzee wetu fundi saa.

Saa nne na robo, wageni wamesimama nyuma yangu na zamu ikiwa ya mzee, skrini ikaganda.

Kutoka chini ikasikika sauti ya Mkuu, "Seva ya tatu! Seva ya tatu imekufa!" na harufu ya waya ulioungua ikapanda ngazi. Programu yetu ilikuwa humo humo, kwenye seva ya tatu. Daktari Mkuu alinitazama. Mimi nilitazama kabati lenye madaftari. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Bi Stoo alitokea ngazini akihema, koti la pamba begani. Hakugusa kitu. Alisimama kando yangu, akaniwekea mkono mgongoni, akasema kwa sauti ya chini, "Acha jukwaa lipange."

Nilihesabu moyoni. Nilipofika arobaini na moja, skrini ikapepesa, ikafunguka upya. Jukwaa lilikuwa limeona seva moja haijibu, likaliwasha kontena letu kwenye seva ya tano. Na kwa kuwa kumbukumbu zenyewe zilikuwa kwenye hifadhi ya pembeni, hakuna sampuli hata moja iliyopotea. Jina la mzee lilikuwa pale pale lilipokuwa. Nikabonyeza, karatasi ya majibu ikatoka kwenye printa ingali na joto.

"Ni yangu hii?" mzee aliuliza.

"Ni yako, baba. Yako kabisa, na haitatoka damu nyingine leo."

Alilisoma jina lake polepole, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha akaanza kupiga makofi, peke yake, kwa heshima, kama mtu aliye ukumbini. Foleni ikamfuata bila kujua inapiga makofi ya nini. Mmoja wa wale wageni akauliza nani aliyefanya mpango huo, na Mkuu, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na masizi kwenye shati, akamwonyesha kwa mkono wake wote. "Huyu," alisema. "Mtu wa stoo."

Safari hii hakuna aliyecheka, isipokuwa yeye mwenyewe.

Miezi michache baadaye ilikuja barua kutoka kwenye jumuiya. Mtu aliyekuwa anatunza maelekezo ya programu ya maabara alikuwa anastaafu, na wamekubaliana kumwomba yeye achukue nafasi. Ilimkosesha raha. Aliniletea barua hiyo maabara, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mimi nilijifunza Jumamosi, mdogo wangu. Hawa wamesoma vyuo vikuu."

"Wamekuomba au hawajakuomba?"

"Wameniomba."

"Umewaandikia uongo wowote?"

"Hata mmoja."

"Basi unataka nikupime damu?"

Alimwuliza na mumewe. Fundi hakusimamisha hata cherehani. "Tangu nikuoe unatunza vitu vya watu," alisema. "Hivi vina tofauti gani, havina rafu?" Akakubali. Jina lake kamili likaandikwa kwenye katalogi, chini ya neno *Mtunzaji*, mahali ambapo mtu yeyote duniani akiifungua programu ile analiona. Binti yake aliwaonyesha walimu wenzake wote. Na kazi ya kwanza Bi Stoo aliyoifanya kwa cheo hicho ilikuwa kuandika maswali ya programu ile kwa Kiswahili, kila swali na maelezo yake mafupi, mtu asihitaji kukisia.

Kisha wizara ikataka hospitali nyingine nazo zifanye kama sisi. Kumi na moja kwa mpigo, na mkufunzi mmoja.

Siku hiyo tulikaa ukumbi wa mikutano, skrini kubwa ukutani imegawanywa vyumba kumi na kimoja, kila chumba na watu wake wamekazana mbele ya kompyuta. Bi Stoo alivaa gauni jipya la buluu, kazi ya mkono wa mumewe. Alikuwa na karatasi, hakuitazama. Aliwaambia watafute kitufe cha kijivu, chini kabisa ya ukurasa. Aliwaambia waandike jina, anwani, na jina la tawi kwa mkono wao wenyewe. "Msiliamini linalojijaza," alisema, "lilinila siku tano."

Hospitali ya kwanza ikasema, "Imefunguka!" Ya nne ikafuata, kisha ya pili na ya saba kwa pamoja. Mtu mmoja alikuwa ameandika anwani na nukta mwishoni; Bi Stoo aliiona kutoka kwenye picha ndogo ya ukutani, akamwambia aifute. Wakahamia kwenye programu ya maabara. Kijani, kijani, kijani. Ilipofika saa sita zilikuwa kumi.

Ya kumi na moja ilikuwa hospitali ndogo ya pembezoni, chumba chenye pazia la maua na seva moja kuukuu iliyowekwa juu ya stuli. Pale alikuwepo muuguzi mmoja tu, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Kontena lake lilikuwa linawaka na halijasimama. Sekunde sabini. Mia moja. Wenzake wa vyumba vingine walikuwa wamesogeza nyuso karibu na kamera zao. Mia na ishirini.

"Dada, nizime nianze upya?" muuguzi aliuliza, karibu kulia.

"Usiguse, mama," alisema Bi Stoo. "Lina muda wake. Nimeliandikia mwenyewe."

Mia na arobaini. Mia na hamsini na tano. Halafu muuguzi akaruka, kiti kikaanguka nyuma yake, na kabla sauti haijatufikia tulimwona kwenye picha amenyanyua mikono yote miwili, mdomo wazi. Vyumba kumi na kimoja vikalipuka kwa kelele. Mkuu alikuwa amesimama, anapiga meza kwa ngumi kama mshabiki wa mpira, miwani imeangukia puani.

Bi Stoo alisubiri kelele zipungue. Alivuta kiti, akakaa, akafungua vifungo vya viatu vyake chini ya meza.

"Vizuri," alisema kwenye maikrofoni. "Sasa kila mmoja anipe namba ya toleo lake, niandike."